Mkono wa Baba Hewani

Kurui, Kisarawe
15 Juni 2024

Dada Aneth,

Shikamoo. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu, kwa sababu wewe ukipokea simu unaweka spika, na Mama anakuwa hapo hapo kwenye kochi. Hili sitaki alisikie bado. Yassin wa lori la hapa anashusha mananasi huko kwenu Maili Moja kila wiki. Nimemwambia bahasha hii akupe mkononi, asimwachie mtu.

Unaujua ule mchezo wangu wa kuongea na watu wa mbali kwa redio, ambao huwa unaucheka. Tangu nilipopata leseni mwaka jana, nikimaliza vipindi siku ya Ijumaa napanda pikipiki hadi kwenye kilima cha Vihingo, narusha waya juu ya mninga, naunganisha betri, nakaa kwenye turubai. Redio yenyewe inaingia kwenye mfuko wa koti, na nguvu yake haiwezi hata kuwasha taa ya sebuleni kwenu. Lakini hewa ikikaa vizuri, milio ya Morse, zile herufi za mlio mfupi na mrefu, inafika usikokudhani. Nimeshaongea na mtu wa Italia na mzee mmoja wa Japani. Huwa nawaambia wanafunzi wangu hivyo, wananiona mwongo.

Jana jioni niliita kama kawaida, nikataja alama yangu ya mwito, inayoanza na 5H kama za Watanzania wote. Nikajibiwa kutoka kisiwa cha Morisi. Dada, kabla sijaelewa hata neno moja, niliweka kalamu chini. Kila anayegonga Morse ana mkono wake, kama mwandiko. Baba alikuwa na tabia ya kuuvuta mlio wa mwisho wa kila neno, kama mtu anayesita kufunga mlango. Unakumbuka akirudi likizo kutoka melini alivyokuwa akinifundisha mezani kwa kijiko, Mama akilalamikia kelele. Ule mkono ndio niliousikia. Nilidhani nimepigwa na jua.

Halafu nikasikiliza maneno. Aliyekuwa akigonga alikuwa amesema SHIKAMOO.

Nikajibu marahaba, sijui hata namjibu nani. Nikauliza jina. Akasema Laurensia. Jina la bibi yetu mzaa baba. Nikauliza nani aliyemfundisha. Akasema ni baba yake, Daniel, aliyekuwa afisa redio wa meli, mtu wa Kibaha. Nikamwambia kwamba Daniel wa Kibaha alizama na meli yake mwaka 1998, na mimi ndiye mwanawe. Nikadhani hewa imefunga. Aliporudi alisema hivi, nakupa maneno yenyewe: "Hakuzama. Amefariki mwaka juzi, Agosti. Mimi pia ni mwanawe."

Mama mmoja aliyekuwa akiokota kuni alinikuta nimekaa chini, akaniuliza kama nimeumwa na nyoka. Nikamwambia hapana, nimefiwa. Akauliza nani. Nikaanza kukunja waya.

Sijalala vizuri. Niambie nifanye nini. Mama usimwambie.

Mdogo wako,
Lukasi


Mkuza, Kibaha
21 Juni 2024

Mdogo wangu Luka,

Marahaba. Barua yako niliisomea pale pale stendi, gari la ofisi likaja likaondoka, na mimi nimesimama nalitazama. Ikabidi nipige simu kazini niseme naumwa. Sikudanganya.

Nimeisoma mara nyingi, na kila mara naona mtu anatuchezea. Matapeli wa siku hizi wanakusanya habari za watu mtandaoni, wanajua mpaka jina la mbuzi wako. Jina la bibi limeandikwa kwenye msalaba pale makaburini, mtu yeyote anaweza kulisoma. Na Baba kuwa afisa redio, nani Mkuza hajui? Wewe umekaa peke yako porini, jua linakuwakia, unamtamani baba yako, mtu anagonga kidude chake huko na wewe unasikia unachotaka kusikia. Nisamehe, lakini ndivyo ninavyofikiri.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, Luka. Wewe ulikuwa mdogo, walikupeleka kwa mama mdogo. Mimi nilikuwepo siku barua ya kampuni ilipokuja. Nilimshika Mama mkono kanisani, padre akisoma misa ya marehemu, na mbele hakuna jeneza, kuna picha yake tu na kofia. Tulisimika msalaba juu ya udongo mtupu. Ukiniambia leo kwamba mtu huyo alikuwa anakula na kulala mahali fulani miaka ishirini na nne, mimi nitakuwa nimemlilia nani?

Kwa hiyo tumjaribu. Muulize huyo Laurensia, Baba aliniletea zawadi gani safari yake ya mwisho. Jibu silisemi, hata kwako, maana tulilificha mimi na yeye, Mama hajui mpaka leo. Akilikosa, funga hiyo redio yako na usinitajie tena.

Mama ameona sili. Nimemwambia ni jino.

Dada yako,
Aneth


Kurui
6 Julai 2024

Dada Aneth,

Shikamoo. Ijumaa ya kwanza hewa ilikuwa mbaya, nilisikia mchakacho mtupu kama mahindi yanayokaangwa. Jana ikafunguka. Alikuwa ananisubiri. Nikamuuliza swali lako.

Akajibu bila kusita: "Viatu. Vyote vya mguu wa kushoto."

Najua sasa umekaa chini. Anasema Baba alikuwa akiisimulia mara kwa mara na kucheka mpaka machozi, jinsi ulivyovivaa hivyo hivyo ukatembea navyo chumbani, mkaapa msimwambie Mama kwamba aliuziwa hasara bandarini.

Basi nisikilize. Meli ilizama kweli. Yeye aliokotwa baada ya kuelea muda mrefu, akapelekwa hospitali Morisi akiwa hajitambui. Alikuja kupona baada ya miezi mingi, akiuguzwa na mwanamke mmoja wa kule, na mwanamke huyo ndiye mama yake Laurensia. Akabaki. Akawa fundi wa redio za boti. Kila jioni, kwa maisha yake yote yaliyobaki, alikuwa akikaa kwenye redio yake anatafuta hewani alama zinazoanza na 5H. Alimfundisha binti yake Kiswahili, na kwamba akisikia 5H yoyote aseme shikamoo. Wengi waliomjibu walikuwa wageni wa mashirika wanaofanya kazi huku kwetu, hawakuelewa anasema nini. Baba akimwambia: "Kule Kibaha ninaye kijana nilimfundisha. Iko siku atakuja hewani."

Alifariki Agosti 2022. Leseni yangu ilitoka Machi 2023. Sijui hilo niliweke wapi ndani ya mwili wangu. Darasani wiki hii nimeandika ubaoni neno, nikasahau ninafundisha nini, wanafunzi wakatoka kimya kimya mmoja mmoja.

Nilimuuliza kwa nini basi Baba hakututafuta, akijua sisi tunadhani amekufa. Hapo akagonga polepole. Anasema Baba alikuwa na neno moja: "Watoto wa Kibaha wameshamaliza kulia, tusiwaanzishie upya." Halafu akaongeza: "Mama yenu anajua. Baba alimpigia simu."

Dada, mimi siamini. Labda simu ilipokelewa na mtu mwingine, labda alipiga namba iliyokosewa akadhani ameongea na Mama. Wewe ndiye uliye naye. Muulize, lakini taratibu. Presha yake unaijua.

Lukasi


Mkuza
14 Julai 2024

Luka,

Nimemuuliza.

Ilikuwa leo, tumetoka misa. Alikuwa ukumbini anachambua mchele, mimi nimeketi mbele yake na maneno yote niliyoyapanga yamenipotea. Nikasema tu, "Mama, Lukasi amepata habari za Baba." Hakushtuka. Hakuuliza habari gani. Mkono wake ukaendelea kwenye ungo, akaniuliza, "Amekufa lini?"

Hapo ndipo nilipojua. Nilihisi kama sakafu imeshuka na mimi nimebaki juu.

Alinisimulia kwa sauti ile ile anayosimulia nayo habari za jumuiya. Miaka miwili baada ya matanga, Mama Zuwena alikuja kumwita dukani kwake kwamba kuna simu ya mbali. Wakati huo hiyo ndiyo ilikuwa simu ya mezani pekee mtaa mzima, na Baba alikuwa akipiga hapo tangu zamani meli yake ikitia nanga. Mama alishika ule mkono wa simu, akasikia sauti ya mtu aliyemzika. Anasema hakupiga kelele kwa sababu duka lilikuwa limejaa watu wanaonunua mafuta ya taa. Baba akamweleza kila kitu. Akasema huko amezaa, mtoto ni mchanga. Akaomba aje atuone sisi, kisha arudi kwa mtoto, awe anakuja na kurudi.

"Nikamwambia watoto wameshamaliza kulia," Mama akasema. "Njoo mzima, au baki umekufa. Nusu ya mume mimi sipokei."

Simu ikakatika. Baba hakupiga tena.

Nikamuuliza aliwezaje. Kila mwaka anaomba misa ya marehemu, kila Novemba tunakwenda kupalilia kaburi lisilo na mtu, na yeye ndiye anayeshika jembe. Akaniambia kwamba alikuwa anamwombea kweli, na kwamba mtu aliye hai ndiye anayehitaji zaidi kuombewa. Kisha akanyanyuka akaweka maji ya wali jikoni.

Sikula. Nimejifungia chumbani ninaandika haya. Namsikia huko nje anaosha vyombo. Sijui ni mtu gani nimeishi naye nyumba moja.

Kitu kimoja zaidi. Anataka kuja huko kwako. Anasema apandishwe hicho kilima, aongee na mtoto huyo.

Aneth


Kurui
19 Julai 2024

Dada,

Asije.

Mwambie hivyo hivyo. Mtu alikaa jioni zote hizo akinisikiliza, na mimi nilikuwa hai, nilikuwa na masikio, nilikuwa najua Morse. Ningeambiwa neno moja tu ningejenga redio kwa mikono yangu hata kabla sijaota ndevu. Mama aliniachia msalaba niupalilie.

Simchukii. Ila nikimwona sasa hivi nitasema kitu ambacho sitaweza kukirudisha. Yassin nimempa barua hii tu, usinitafutie maelezo mengine.

L.


Mkuza
24 Julai 2024

Mwanangu Lukasi,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mama yako Yosefina ndiye ninayeandika, kwa mkono wangu, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Dada yako amenipa barua yako nimeisoma. Hukukosea. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine ningesema anayo haki, basi na wewe unayo.

Lakini nikueleze, maana wewe ni mwalimu na unapenda kusikia pande zote. Nilikuwa na watoto wawili na cherehani. Ulikuwa unaamka usiku unamwita, ukaacha, ukaanza kucheka tena, ukaanza kula. Huyo mtu angekuja mwezi mmoja akaondoka, akaja akaondoka, ningekuwa nazika kila mwaka. Nilichagua kuzika mara moja. Ikirudi siku ile nikiwa mtu yule yule, sijui kama ningesema maneno mengine.

Siji kukubembeleza. Nina neno na yule binti. Bila shaka ndiye aliyemfumba baba yenu macho na kumwosha, na hiyo ilikuwa kazi yangu. Sharti nimpe pole yeye na mama yake. Nikishampa nitarudi, na usiponisemesha njia nzima sitalalamika.

Ijumaa nitakuja na gari la Yassin.

Mama yako,
Yosefina


Kurui
28 Julai 2024

Dada Aneth,

Shikamoo. Mama amekuambia alivyofika, lakini najua hakukuambia lililotokea, maana alipoondoka hapa alikuwa hasemi.

Nilimpandisha kwa pikipiki mpaka njia ilipokwisha, palipobaki tukapanda kwa miguu. Sikumsemesha. Alikaa kwenye turubai amenyoosha miguu, akanitazama nikirusha waya. Nilipowasha na Laurensia akajibu, Mama akaweka kiganja kifuani. Hajui hata herufi moja ya Morse, lakini aliishi na ule mlio wa kijiko mezani miaka mingi. Akasema kwa sauti ya chini, "Ndiye huyo." Nikamwambia huyo ni binti yake. Akasema anajua.

Akaniambia nimpe Laurensia pole ya msiba. Nikagonga. Akashukuru. Mama akataka kujua Baba alikufa na nini. Moyo, usingizini. Akauliza kama alizikwa na padre. Ndiyo. Kila jibu alikuwa akilipokea kwa kutikisa kichwa, kama anayehesabiwa vitu vyake vilivyorudishwa.

Kisha akasema, "Sasa muulize mama yake yuko wapi, nimpe pole na yeye."

Laurensia alisema mama yake aliondoka na mwanamume mwingine akahamia Ulaya, yeye akiwa bado shule ya msingi, na hakurudi. Baba alimlea peke yake. Hakuoa, hakuishi na mwanamke tena.

Nilimtafsiria Mama. Akasema, "Rudia." Nikamwomba Laurensia arudie, akarudia yale yale, nikatafsiri tena. Dada, niliuona uso wa Mama ukibadilika nikaogopa. Nimewahi kumwona amelia, nimewahi kumwona amekasirika, lakini hivi sijawahi. Alikuwa kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta ndani hamna kitu.

"Basi alikuwa mzima, si nusu," akasema. "Miaka yote hiyo alikuwa mzima, na hakuja."

Nikamwambia hakuja kwa sababu aliambiwa tumemaliza kulia. Nililisema neno hilo nikiwa bado na hasira, na lilipotoka nikaona limemwingia mpaka mwisho. Alilala ubavu pale pale kwenye turubai, akajifunika kanga usoni. Laurensia huko aliendelea kuita, anauliza kama bado tupo. Nikamjibu tupo.

Tulikaa hivyo mpaka betri ikaanza kuchoka. Kushuka, Mama alinishika bega, na mkono wake ulikuwa mwepesi, sikuamini ni wa kwake. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali tangu ile siku. Sikuyapata.

Mwangalie. Hakikisha anameza dawa.

Lukasi


Mkuza
1 Agosti 2024

Mdogo wangu Luka,

Marahaba. Nakuandikia haraka, Yassin anangoja nje.

Mama alirudi kutoka kwako Jumamosi, akalala siku mbili. Jumanne alfajiri nimeamka kwenda kazini nikamkuta uani. Amevaa nguo nyeusi, amefunga kichwa, ametandika mkeka mkubwa, amesogeza viti vyote ukutani na ameweka sufuria la chai mafigani. Nikamuuliza, "Mama, kuna nini?" Akaniambia nipige simu kazini niombe ruhusa, kwa sababu nimefiwa na baba.

Majirani walianza kuchungulia. Walidhani ni wewe, Luka. Biubwa wa nyumba ya pili alikuja mbio bila viatu, akalitaja jina lako kwa kilio, ikabidi nimzuie getini. Waliposikia kwamba ni Baba, walitazamana. Wengine walinivuta pembeni wakaniuliza kama Mama ameanza kuchanganyikiwa, tumpeleke hospitali. Wapo waliokuwepo kwenye matanga ya kwanza, walipika wali wake, wanakumbuka. Walisimama pale getini hawajui waingie au warudi.

Aliyeingia wa kwanza ni Mama Zuwena, na mkongojo wake. Hakuuliza kitu. Nadhani alikuwa na lake moyoni tangu ile siku ya simu, alimwona Mama alivyotoka dukani. Akavua kandambili, akaketi kwenye mkeka, akamshika Mama mkono. Hapo ndipo wengine wakaanza kuingia.

Padre alikuja mchana. Mama alimweleza yote, mbele ya watu, hakupunguza hata neno lake la kwenye simu. Nikasikia chai ikichemka mafigani. Sikuwahi kufikiri nitamwona mama yangu akijifunua mbele ya mtaa namna ile. Nilikuwa nimekaa mbali naye tangu ile Jumapili, tunapishana ndani kama wapangaji. Nilinyanyuka nikaenda kukaa karibu yake.

Mjukuu wa Mama Zuwena, ambaye hakuwepo duniani wakati ule, hakuelewa. Akauliza kwa adabu, "Bibi, kwani babu alizikwa lini?"

Mama akamtazama. Akamjibu, "Tulimzika mapema, mjukuu wangu."

Kisha akaanza kulia. Luka, ndiyo mara ya kwanza nimeona analia tangu haya yaanze. Analia mpaka sasa ninapoandika, na wanawake wanamwacha alie.

Misa ni Jumamosi saa nne. Mwambie Laurensia ajue saa hiyo. Wewe njoo kesho, usingoje Jumamosi. Mkeka bado una nafasi.

Dada yako,
Aneth